Likizo, Mtera

Pesa ya upatu tuliyoitunza kwa ajili ya bahari
iliishia kwenye goti la Yaledi, hospitali,
vyuma viwili na skrubu saba.
Basi tumekuja hapa, wanne,
Yaledi nyuma, na mguu wake ghali.

Tanga letu ni turubai la kuanikia uwele;
upepo ukilipiga linamwaga punje
kichwani mwa Sechelela,
naye anatafuna, anasema ndiyo masurufu.
Ndahani, aliyesomea unahodha kwenye simu,
anapaza sauti: "Geuza!"
Hakuna anayejua wapi.

Miti iliyokufa maji ingali imesimama,
mnandi juu yake kama nguo nyeusi zilizoanikwa.
Tunapenya matawini polepole.
"Hapa chini," Yaledi anasema, "bibi alilima karanga."
Tunachungulia. Maji ya kahawia, hayasemi kitu.
Ndahani anashusha sauti,
kama mtu aliyeingia kwa watu bila hodi.

Visiwa ni vitatu. Cha kwanza cha ndege.
Cha pili cha kiboko, hatukubishana naye.
Cha tatu tukakitilia nanga: jiwe, na kamba ya mbuzi.
Tukachoma perege, tukalala chali,
tukajiita watalii.

Jioni mwenye mtumbwi akatucheka:
"Oktoba maji yakishuka
kisiwa chenu ni kilima tu. Mbuzi wanapanda."

Sawa. Oktoba tutarudi kwa miguu,
Yaledi atangulie, taratibu,
atuoneshe matuta,
kama bado yapo.