Simu ya Sabuni

Siku ya wazazi, shule ya msingi, Barani,
nilifika wa mwisho, nikaketi karibu na mlango,
maana Mwitaliano wa Casuarina alisema saa tisa,
ekari mbili za Mayungu, na dalali hachelewi.

Mchezo wameutunga wenyewe, gredi ya sita.
Pazia ni shuka la kijani lenye kiraka.
Akatokea Thoya, mtoto wa fundi baiskeli,
koti linamfika magotini,
kipande cha sabuni ya mche sikioni:
"Haloo! Haloo! Hati ipo, bosi! Nipe wiki moja!"
Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka.

Msichana akamletea sahani tupu.
"Baba, karibu chakula."
Akainua kidole kimoja, bila kugeuka.

Kidole kile.
Nilikuta changu nacho kimeinuka
kumsubirisha mama aliyeomba nimpishe,
kwa kuwa mfukoni simu ilikuwa inatetema.

Sahani ikarudi. Sahani ikaja tena.
Mara ya tatu msichana akaketi, akala peke yake,
akitafuna hewa polepole, kwa adabu,
akambakishia baba nusu.
Nusu ile ndiyo iliyonifumbua macho.
Chini ya leso ya mamake nikamwona Nyevu,
Nyevu wangu,
niliyedhani bado yuko gredi ya nne.

Nimeuza viwanja toka Sabaki hadi Watamu.
Nayajua mawe ya mipaka yaliyofukiwa na mchanga,
nani kamzika nani chini ya mkanju upi.
Mezani kwangu sijui huwa naketi upande gani.

Mwisho wa mchezo baba anatajirika.
Ndivyo walivyoandika, basi.
Anatajirika, anahesabu majani ya mwarobaini,
na jukwaani hakuna aliyebaki wa kumkopesha hata salamu.
Pazia likakwama. Thoya akaendelea kuhesabu.

Simu ilitetema mpaka ikachoka.

Usiku, Mbeyu akapakua sima na mchicha wa nazi.
Hakuna aliyeutaja mchezo.
"Na mteja wako?" Nyevu akauliza, macho kwenye bakuli.
"Kaenda kwa dalali mwingine."
"Ni pesa nyingi?"
"Nyingi. Zinaniuma."
Akafikiri kidogo, kama anayepima neno kwa kibaba.
Kisha akanisogezea sahani.
Hii ilikuwa na chakula.