Kodi ya Miezi Miwili

Zamoyoni alihama usiku, bila kuaga.
Chumba cha uani alikiacha kimefagiwa,
ufunguo juu ya swichi,
na katikati ya sakafu beseni la bluu
lenye kobe wa maji, upana wake kisahani cha chai.
Miezi miwili nilikuwa namdai.
Basi nikampa mnyama jina: Kodi.

Nilipomwinua akanisonya.
Ssss! Ndani ya nyumba yangu, Magomeni Mapipa,
nyumba niliyoijenga kwa kuuza vitenge na mkopo wa kikundi!
Nikamrudisha majini kwa kishindo.
Nikammegea ugali, hakuugusa.
Nikammegea mkate, maji yakawa uji,
naye akakaa humo chini siku nne,
macho yamevimba kama ya mfiwa.

Nikamtia kwenye kapu hadi duka la dawa za mifugo.
Lusajo, kijana wa pale, alicheka kwanza:
"Mama, mimi ni wa kuku na ng'ombe."
Kisha akanawa mikono, akabonyeza ukingo wa gamba
kwa kidole gumba, taratibu,
likabonyea kama ukucha wa mtoto mchanga.
"Huyu hana ugomvi na wewe. Hana jua."

Akanieleza huku akiwauzia wengine chanjo ya kideri:
maji ya bomba yalale kwenye ndoo usiku kucha, dawa iyatoke;
yawe na kina cha kuogelea, si cha kulowa;
tofali lichomoze juu, apande ajikaushe;
dagaa wabichi, matembele,
na ule mfupa mweupe wa ngisi, Feri wanautupa, uokote.
Ukishamshika, sabuni. Wewe na wajukuu. Sabuni.
"Na kusonya je?"
"Hasonyi. Gamba halitanuki, mama.
Akivuta kichwa na miguu ndani, pumzi inakosa nafasi,
inatoka. Ni hivyo tu."

Njia nzima nilinyamaza, kapu mapajani.

Uani kwangu jua ni la kugombea.
Ghorofa la jirani limekula asubuhi yote;
linatufikia saa tano, mlangoni pa jiko,
saa saba lipo chini ya kamba ya nguo,
saa tisa linaagia chooni.
Nikawa naliburutia beseni nyuma,
nusu nimeifunika kanga asije akapikika.
Miaka kumi na tisa naishi hapa,
sikujua jua langu lina ratiba.

Siku moja akapanda juu ya tofali, akanyoosha shingo,
akanyoosha na miguu ya nyuma, vidole vimetanuka,
nikapiga yowe nikidhani anakata roho.
Kumbe anaota jua. Raha yake inafanana hivyo.
Halafu gamba likaanza kubanduka,
vipande vyembamba kama ganda la kitunguu.
Nimemuua, nikasema. Kumbe anakua.
Ngwali, mjukuu wangu, akataka kumpaka rangi, kijani na njano;
nikamwambia lete ukucha wako niuguse. Unasikia?
Haya. Na yeye anasikia.

Sasa anazijua ndala zangu.
Akizisikia huja ukingoni, miguu inachota maji mbiombio.
Sijidanganyi kwamba ni mapenzi. Ni dagaa.
Kipupwe kimeingia, anakula kidogo,
nami siku hizi sikurupuki.

Jana simu iliita, namba ngeni.
Kimya. Halafu pumzi ndefu ya mwanamume,
ileile aliyokuwa akiishusha mlangoni kila tarehe mosi,
nami nikimwambia: usinisonye.
Nikamwacha aimalize.
"Anakula?" akauliza.
"Anakula. Ukija
beba tofali. Hili limeshakuwa dogo."