Meza ya Tisa

Niliinua mkono kumfukuza nzi.
Katibu akaandika: Mama Ngoie, meza ya tisa.
Nikakohoa, nikajiandaa kukana,
lakini watu walikuwa wameshapiga makofi,
na makofi ya parokia yetu ya Katuba
hayarudishwi dukani.

Masharti ni haya: kitambaa chako, sahani zako,
wageni wanane wenye njaa ya wastani
na mifuko yenye kitu.
Fedha ni za mashine ya kuwapasha joto
watoto waliotangulia miezi yao
pale zahanati, ambako hadi leo
wanawekewa chupa za maji moto ubavuni
kama mikate iliyofunikwa iumuke.

Nina sahani nne. Mbili zina ufa.
Nikabisha hodi kwa Mama Kapinga,
kwa Odette wa kona, kwa mjane wa fundi cherehani.
Kila mmoja aligeuza zake chini juu
akazitia nukta ya rangi ya kucha:
nyekundu, zambarau, dhahabu iliyokauka nusu.
Kila mmoja akasema, "Si kwamba sikuamini."

Vumbi jekundu liliingia ukumbini kabla ya wageni.
Nikapangusa viti. Likarudi.
Nikaliacha likae, nalo ni la hapa.

Papa Ngosa, fundi wa reli mstaafu,
aliuliza kama bukari inaongezwa au inahesabiwa.
Mujinga na Béa, dada wa tumbo moja,
hawasemezani tangu matanga ya mama yao.
Sikujua. Nimewaketisha bega kwa bega.
Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya mwenye meza:
kupakua ni mkono tu,
kazi ni kuuzuia ukimya usivute kiti.
Nikauliza habari za reli. Nikasifu bitoyo.
Nikacheka jambo ambalo hakuna aliyelisema.
Mujinga akasema, "Chumvi."
Sijui alimwambia nani.
Béa ndiye aliyeisogeza.

Kiti cha nane kilikuwa cha Bwana Mwelwa,
yule wa malori ya Kasumbalesa.
Akaja dereva wake, Musenge, kofia kwapani,
na bahasha nene kama godoro la mtoto.
"Bosi anaomba radhi." Akageuka aende zake.
Nikamwambia, "Sahani imeshawekwa. Usiniaibishe mbele yake."
Akaketi nusu ya kiti,
kama mtu anayesikilizia honi.
Tulipofika kwenye matembele, aliegemea.

Usiku mhazini akafungua.
Bahasha nene ilinenepa kwa barua,
kurasa tatu juu ya bei ya mafuta,
na kalenda ya kampuni ya mwaka ujao.
Nyingine, haina jina, ilinuka dizeli:
franka elfu kumi, zimenyooshwa kama zimepigwa pasi.
Sikuinua macho.
Meza yangu ilishika nafasi ya saba kati ya kumi na mbili.
Tumenunua, kwa makadirio yangu,
waya wa mashine na plagi yake.

Asubuhi nikarudisha: nyekundu tatu,
zambarau mbili, dhahabu mbili. Zangu mbili kabatini.
Ikabaki moja mkononi.
Haina nukta. Ina ukingo wa buluu.
Nimepita meza zote, nyumba kwa nyumba,
hadi kwa mke wa katibu, Ruashi, kwa miguu.
Hakuna aliyepungukiwa.
Papa Ngosa amesema niiache, mwenyewe atajitokeza;
ndivyo walivyokuwa wakisema kuhusu mizigo stesheni,
na mizigo mingine, akaongeza, ipo hadi leo.
Basi iko dirishani. Mara mbili nimefungua
kichupa cha rangi ya kucha,
mara mbili nimekifunga.

Jumapili iliyopita katibu alisimama na daftari lake.
"Mwaka ujao," akasema, "nani..."
Nikatazama juu, nikatazama mabega ya jirani.
Hakukuwa na nzi hata mmoja,
na mkono wangu ulikuwa umeshafika juu.