Swali la Kwanza

Ustadhi Madlul alitufunza Frati kwa fimbo.
Kila mji pigo moja ubaoni, nasi tunaitikia:
Birejik. Jarablus. Raka. Dairizzor.
Albu Kamal. Ana. Hit. Ramadi. Samawa. Nasiria,
mpaka Kurna, ambako Hidekeli humngoja mwenziwe,
wakashikana mikono, wakaja kwetu Basra
kwa jina moja.

Mtihani uliuliza: mto unaanzia wapi?
Nikaandika: kwenye mtungi wa mama, chini ya ngazi.
Nikapewa sufuri, duara nono la wino mwekundu,
darasa likacheka hadi kengele.

Siku hizi naendesha lori la maji.
Bahari imeupanda mto kinyumenyume,
imeingia Abu al-Khasib bila hodi,
imo kwenye mizizi ya mitende, imo birikani,
imo kinywani mwa anayetawadha.
Nyati wa Sabiha walikunywa, wakapofuka.
Mimi nauza maji baridi,
na Agosti hii ubaridi wake ni wa jina tu:
mpira unanibabua kiganja.

Alhamisi ni zamu ya mtaa wake.
Hutoka na fimbo ileile, sasa mguu wake wa tatu,
huhesabu noti mara mbili,
kisha huuliza. Swali lilelile.
“Kiwandani kwa Hatif, Ustadhi. Mashine ya tatu,
ile inayokohoa.”
Hacheki.
“Taja miji.”

Nataja. Birejik, wana bwawa.
Jarablus. Raka,
hapo tunapita polepole, shemeji yake kalala pale.
Dairizzor, daraja limekatika, tunaruka.
Albu Kamal. Ana,
ule wa zamani uko chini ya ziwa, samaki ndio majirani.
Hit.
Baada ya Hit ulimi umekwama.

Naye ananingoja, kama zamani, fimbo hewani,
na mimi mwenye ndevu za mvi natafuta mji darini,
kwenye waya wa nguo, kwenye vidole vyangu,
hata tangi limefurika juu ya paa
na maji ya dinari yanateremka ukutani,
yanakata ua, yanazunguka kindoo,
yanajitafutia njia kwenye chumvi nyeupe
kuuendea mtende usio na kichwa.

Nikakimbilia kufunga.
“Acha,” akasema.
Akainama, fimbo ikaufuata ule mfereji mwembamba
mpaka ulipokauka, hatua mbili kabla ya shina.

“Kusini-mashariki,” akasema,
kama anayesahihisha daftari.