Benchi la Jumanne

Msimkalishe kwenye benchi letu.
Nalijua benchi hili: mbao tano, ya tatu imepasuka,
nje ya chumba namba nne, hapa hospitalini Nakuru,
baridi ya Menengai ikitupiga shingoni.
Jumanne ni siku yetu.
Mwalimu Barasa husahihisha hewa kwa kidole,
kijana wa Mama Chelimo hajasema neno tangu masika,
nami nina kadi yangu, pembe zimeliwa na jasho.
Tunahesabiwa vidonge. Tunaulizwa kama tunalala.

Asubuhi hii redio ya askari wa lango imetangaza:
*mshukiwa alikuwa na matatizo ya akili*,
na foleni nzima ya meno na macho
ikageuka kututazama.

Mimi husikia sauti, sifichi.
Mwaka wa kumi na mmoja huu.
Hunituma nikafunge bomba la jirani saa nane za usiku.
Huniambia nyanya za sokoni zinanisengenya.
Siku moja ziliniamuru nivue viatu niende Njoro,
nikaenda,
na nyayo zilizochanika zilikuwa zangu.
Hazijawahi kuniuliza nani mwanamke, nani mwanamume.

Yeye aliuliza.
Kaptembwo, saluni ya Kwamboka, Jumamosi saa tano,
panga ndani ya gunia la sukari.
Kinyozi wa ng'ambo ya pazia angali anatetemeka akisimulia:
"Aliniambia, kaka, wewe toka. Wewe sina neno nawe."

Kaka.

Kichaa gani hiki chenye adabu,
kinachopepeta watu mlangoni,
mchele huku, chuya kule?

Kwamboka, chanuo mkononi.
Jerop, nusu ya kichwa imesukwa.
Wangeci. Na Ajuma, aliyeingia kuomba chenji tu.
Ni Jerop peke yake aliyewahi kumnyima namba ya simu,
mwezi wa tatu, kwa tabasamu, ili asimuudhi.
Hasira ile aliilea kama mtu anayelipa karo,
kidogo kidogo, bila kuruka tarehe.
Kwa mnoa visu alibembeleza bei.

Labda alikuwa mgonjwa. Sikatai.
Mtu aweza kuwa na malaria na awe mwizi,
lakini homa haimwonyeshi banda la kuku.

Banda alionyeshwa kwingine.
Alionyeshwa pale kijiweni, nyuma ya gereji,
tulipokuwa tukisema mwanamke ni wa kufunzwa,
akikukataa amekutukana, akikucheka amekuua.
Yeye hakuwa msemaji. Alikaa juu ya tairi, akisikiliza.
Nasi tulicheka.
Nami nilicheka,
nimemeza dawa zangu zote, nimelala saa nane kamili,
akili imetulia kama maji ya mtungi.

Sista, liandike na hilo.
Kila mwezi waniuliza kuhusu sauti za kichwani,
hujaniuliza hata mara moja kuhusu zile za kijiweni.
Najua. Fomu haina kisanduku.

Sasa ameingia mwanamke mgeni, bahasha kifuani.
Pana nafasi kando yangu; amesimama ukutani.
Sijui anaogopa ugonjwa wangu
au anaogopa uanaume wangu.
Simuulizi.
Nimeinuka, nimeenda kusimama karibu na ndoo ya maji,
nimemwachia benchi.
Bado hajaketi.