Kikohozi Kwenye Kanda

Haikasia alinipigia simu tarehe kumi Desemba:
"Fundi, njoo Pasua unibadilishie muziki wa farasi.
Magari ya Dar yameanza kupanda,
na watoto wa mjini hawazungushwi kwa wimbo wa babu zao."

Nikabeba chuma cha kulehemu, koleo, waya mita nne,
na flashi moja yenye nyimbo mia mbili.

Farasi ni kumi na mmoja. Wa kumi na mbili
amebaki mlingoti tu, shaba imeng'arishwa
na viganja vya waliochelewa kupata kiti.
Rangi juu ya rangi: ukikwangua kijani
unakuta bluu, ukikwangua bluu
unakuta mwaka niliopandishwa mimi
nikiwa na viatu vya kuazima.

Chini ya jukwaa, debe la mafuta ya kula;
ndani ya debe, deki; ndani ya deki
kanda moja isiyowahi kutolewa.
Bendi ya hapa hapa Moshi. Walirekodi ukumbini
siku ya mvua, na mvua yenyewe imo,
inachapa bati nyuma ya magitaa,
na dakika ya tatu, kabla tarumbeta haijarudi,
mtu anakohoa.

Mara mbili. Kavu, kama anayeomba radhi.

Elinami, mshika breki, hana saa.
Miaka thelathini na mmoja saa yake ni kikohozi kile.
Akikisikia anatema kapi la muwa,
anauegemea mpini, tarumbeta inapanda,
farasi wanashusha pumzi,
na wimbo ukiisha kila mguu uko chini.
Siku umeme ukiwa dhaifu kanda huburuta miguu,
farasi nao wakaburuta pamoja nayo;
hakuna aliyelalamika kuibiwa mzunguko.

Nilikata. Nikaunga. Nikachomeka flashi.
Spika mpya zikatoa besi
hadi majivu ya muuza mahindi yakaruka.
Watoto wakashangilia. Haikasia akapiga makofi:
"Hapo sasa!"

Wimbo ukaingia ndani ya wimbo, bila mlango katikati.
Elinami kaushika mpini, sikio kalitega,
anasubiri.
Dakika ya nne. Ya sita. Farasi wanakwenda.
Mtoto wa gauni la njano ameacha kucheka.
Ya nane, mwingine akatapika soda na kitumbua
juu ya shingo ya farasi asiye na sikio,
na mama zao wakawa wanakimbia sambamba na jukwaa,
mikono hewani, wakizunguka nao.
"Breki! Elinami, umelala?"
Akajibu, taratibu,
"Bado hajakohoa."

Tukacheka sote. Yeye hakucheka.

Usiku nikaichukua kanda hadi kwangu Njoro,
nikairudisha nyuma kwa kalamu, nikaisikiliza.
Sikumjua aliyekohoa. Pengine mpiga ngoma,
pengine mfagiaji aliyeingia kukwepa mvua.
Kwenye karatasi ya majina ya bendi
hakuna nafasi ya mtu kama huyo.
Nikamkata: sekunde tatu,
na matone machache yaliyomng'ang'ania pande zote mbili.
Nikampachika katika kila wimbo mpya, dakika ya tatu.
Mara mia mbili anaomba radhi.
Jogoo wa jirani alinikuta wimbo wa mia themanini.

Jumamosi. Kibo kilichungulia, kikajifunika tena.
Besi inapiga. Majivu yanaruka.
Haikasia anahesabu noti, hajasikia kitu.
Elinami anatema kapi.

Na nje ya uzio, mwanamke wa makamo
mwenye begi la safari begani,
aliyekuwa kainamia simu yake,
anainua uso,
anakohoa mara mbili bila kujua,
na kunyoosha mikono kumpokea mtoto
ambaye bado yuko upande wa pili.