Kibati

Debe moja la kahawa mbivu, kibati kimoja.
Kina tundu katikati na herufi mbili za shamba
zilizogongwa kwa nyundo, moja imelala upande.
Hakina kichwa cha mtu, wala mnyama, wala mwaka.

Mama Aikaruwa alivifunga kwenye pindo la kanga,
vikilia akitembea.
Kwenye duka la shamba viligeuka chumvi,
sukari, nusu chupa ya mafuta ya taa.
Nje ya geti, sokoni Kiboriloni,
muuza ndizi alikigeuza, akakigonga kwenye jiwe:
"Hiki rudi nacho huko kwenu."

Shilingi haiulizwi imetoka shamba gani.
Hata iliyochakaa, inayonuka dagaa,
hupita mkono kwa mkono bila kujieleza.

Jumamosi karani hakuja.
Wala Jumamosi iliyofuata.
Shamba lilikuwa limeuzwa; geti likapakwa rangi.

Leo nimevikuta kwenye kopo la maziwa, kumi na saba.
Madebe kumi na saba, mgongo mmoja.
Benki ya Moshi mjini haina dirisha la deni hilo.

Kimoja nimekifunga kwenye ufunguo wa mlango wangu.
Lile tundu limefaa.